Mama Vikopo na Mbwa Aliyeitwa Mgeni

Mtaani kwetu kuna dobi. Jina alilopewa na wazazi wake sijawahi kulisikia. Tunamwita Mama Vikopo, naye anaitika.

Uani kwake kamba zimefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na shuka za watu zimeanikwa mpaka mlango hauonekani. Chini, kando ya makarai, kuna vikopo. Vya nyanya, vya maziwa ya unga, vya rangi vilivyosuguliwa hadi vikang'aa. Kila kimoja kina mfuniko wenye matundu ya msumari. Asiyemjua hudhani anauza vyuma chakavu. Ni vya mbwa. Huficha ndani yake kitu chenye harufu, mbwa akakitafuta kwa pua. Mchezo tu. Hakuna mwizi anayesakwa.

Muuza mkaa humtania. "Mama Vikopo, hao mbwa wakimaliza shule utawaajiri wapi?"

Naye hujibu bila kuinua kichwa kwenye karai. "Kwako. Wakutafutie mkaa unaopunguza kwenye magunia."

Nataka kumwandika mtu huyu. Nilimjua vizuri baada ya mke wangu kufariki, na ilikuwa kwa ajili ya mbwa.

Mbwa alikuwa wa mke wangu. Alikuja siku ya mvua, akajikunyata mlangoni. Nikasema afukuzwe. Mke wangu akasema, "Muache, ni mgeni tu, mwenyewe atakuja kumchukua." Mwenyewe hakuja. Miaka ikapita, mbwa akaota mvi mdomoni, na jina likabaki Mgeni. Watu waliuliza ni mgeni gani huyu asiyeaga. Mke wangu alicheka kila mara, kama ndiyo kwanza anausikia mzaha huo.

Mimi na Mgeni hatukuwa na maneno mengi. Alinipita nilipokaa, kama unavyolipita kabati. Mtu wake alikuwa mmoja, mke wangu. Akienda jikoni, yuko nyuma yake. Akienda kuoga, anamsubiri nje. Alipougua, Mgeni alilala chini ya kitanda hadi mwisho.

Kisha mke wangu akaondoka. Hilo sitaliandika kwa urefu.

Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko mwisho wa mtaa. Baada ya msiba watoto walirudi makwao, nami nikarudi kazini, maana nyumbani nilikuwa nakaa nikitazama ukuta. Nikimfungia Mgeni ndani, anaanza. Alitafuna mguu wa kiti. Alitafuna mlango wa chumba, sehemu ya chini, mpaka mwanga ukapita. Na alilia. Si kubweka. Kulia, sauti ndefu, tangu nitoke hadi nirudi.

Nyumba tunayokaa ni ya kupanga, milango inatazamana na ua uko katikati. Mlango wa pili anakaa muuguzi wa zamu za usiku. Yeye hulala mchana. Alivumilia kwa ajili ya msiba, halafu uvumilivu ukamwishia. Simlaumu.

Mwenye nyumba akaja. Ni mtu wa makamo, mwenye adabu. Alivua kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nakuheshimu. Lakini mbwa huyu ananilia mlango, na muuguzi anataka kuhama. Mwisho wa mwezi awe ameondoka."

"Aende wapi?"

"Hapo ndipo siwezi kukusaidia, mzee wangu."

Binti yangu akapiga simu. Yeye ni mtu wa kumaliza mambo. Alikuwa ameshapata mahali, ghala la mbao, mlinzi wake anahitaji mbwa.

"Atafungwa mnyororo?" nikauliza.

"Baba, ni mbwa wa mlinzi. Atafungwa."

"Mama yako hakuwahi kumfunga."

"Mama hayupo, baba," akasema.

Nguo za mke wangu zilikuwa zimeshagawiwa. Kilichobaki chake, chenye kupumua, kilikuwa mbwa asiyenitazama, naye alikuwa na mwezi huo tu.

Mama Vikopo aliingia kwangu kwa sababu ya shuka. Wakati wa ugonjwa yeye ndiye aliyetufulia, na mgonjwa wa kitandani anachafua. Hakuwahi kukunja uso. Alimwita mke wangu dada, kwa hiyo mimi ni shemeji yake. Baada ya msiba alileta furushi la mwisho, limepigwa pasi, limekunjwa pembe kwa pembe.

"Shemeji, foronya moja imekosekana," akasema. "Ile ya maua. Utanisamehe."

Nikamwambia si kitu. Nilishangaa kidogo, kwa sababu huyu hata kifungo cha shati hapotezi.

Akaweka furushi mezani, akautazama mlango uliotafunwa. Mgeni alikuwa amelala pembeni, pua ukutani. Mama Vikopo hakumwita. Hakumpapasa. Alikaa sakafuni, akageukia dirishani, kama mtu anayesubiri basi. Tukakaa hivyo. Mwishowe Mgeni akainuka, akaja akamnusa mkono, kiwiko, pindo la gauni. Akamnusa sana.

"Anasoma gazeti," akasema taratibu. "Leo nina harufu ya mtaa mzima."

"Amerukwa na akili," nikasema.

"Akili anazo. Hana kazi."

"Mbwa ana kazi gani?"

"Huyu alikuwa nayo. Kujua dada yuko wapi, saa zote. Sasa kazi imekwisha na hakuna aliyempa taarifa. Wewe ungekuwa yeye usingetafuna mlango?"

Nikautazama ule mlango.

"Mpe kazi nyingine, shemeji. Ndogo ndogo. Pua ikifanya kazi, kichwa kinatulia."

Nikamweleza habari ya ghala na mwisho wa mwezi. Akatazama sakafu kidogo.

"Basi tuanze leo," akasema.

Aliomba taulo kuukuu. Akalitandaza, akatupia vipande vya nyama kavu, akalikunja kama unavyokunja mkeka, akaliweka mbele ya mbwa. Mgeni alilitazama taulo. Akatazama mlango. Nikanyoosha kidole kumwonyesha. Mama Vikopo akanipiga mkono, kidogo tu, kama unavyompiga mtoto anayegusa sufuria ya moto.

"Usimwonyeshe. Ukimwonyesha umemdhulumu."

"Hataona."

"Nani kasema aone?"

Tukasubiri. Mgeni akapeleka pua. Akaanza kulikunjua taulo kwa mdomo, mkunjo baada ya mkunjo, akivuta pumzi kama mvukuto wa mhunzi. Alipomaliza akaenda kunywa maji, akajitupa chini, akalala. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona amelala masikio yamelegea.

Tangu hapo Mama Vikopo alikuja kila jioni, akishaanua. Baada ya taulo tukaingia kwenye vikopo, nyama ikiwa chini ya kimoja na vingine mtego. Kisha boksi lililojaa karatasi zilizokunjwa. Kisha akanifundisha hata kumtembeza.

"Humtembezi, unamburuta," akaniambia. "Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Sikuwa na pa kwenda. Basi tukawa tunasimama kwenye kila nguzo na kila jiwe, Mgeni akinusa mpaka aridhike. Muuza mkaa akatuona.

"Mzee, mmepoteza nini?"

"Hatujapoteza kitu."

"Basi mkikipata mnigawie."

Mama Vikopo hasimulii habari zake kwa mpango. Nilizipata vipande vipande, katikati ya vikopo. Alianza kufua akiwa msichana, kwenye nyumba ya wageni, chini ya mama mmoja mkali aliyenusa kila shuka iliyotoka kwenye kamba. Ikinuka jasho hata kwa mbali, inarudi majini. Huko ndiko alikojua kwamba pua ni chombo cha kazi kama mkono. Akaolewa. Mume alitoka siku moja kwenda kununua betri za redio. "Nadhani bado anazitafuta," akasema, akaendelea kupanga vikopo. Alimwachia mbwa, jina lake Bosi.

Bosi aligongwa na pikipiki, miguu ya nyuma ikafa. Watu walimwambia amuue apumzike. Yeye alimtazama mbwa akaona anakula, anafuata kila kinachopita kwa macho, na anaudhika kwa kukaa bure. Akaanza kumpa nguo chafu azinuse kabla hazijaingia kwenye karai. Mbwa akachangamka. Siku moja mkokoteni wake wa nguo ukapinduka njiani, mafurushi ya wateja yakafunguka yote. Mashati yana alama za wino kwenye kola. Soksi hazina. Akazimwaga soksi uani, akampa Bosi anuse shati la mteja mmoja mmoja, na Bosi akawa anajivuta kwa miguu ya mbele, anazisukuma soksi kwa pua, huku, kule.

"Hakukosea?" nikamuuliza.

"Jozi moja. Za wale mapacha."

Daktari wa mifugo alipomwona Bosi alimwambia asiache. Alisema yeye huwashauri watu mambo hayo hayo, wanadhani anawatania. Bosi akaishi maisha marefu, na hadi mwisho hakuuamini wino wa kola, kila shati alilinusa mwenyewe. Baada yake watu wakaanza kumletea mbwa wao. Anayechimba bustani. Anayeng'ata ndoo. Mbwa mzee aliyepofuka, wenyewe wanadhani hana tena raha ya kuishi. Huyo aliyepofuka nilimwona kwa macho yangu akipita katikati ya vikopo uani, mkia juu, akipata kila alichofichiwa, na wenyewe wanamfuata kwa macho.

Hachukui chochote kwa kazi hiyo. Nilimuuliza kwa nini.

"Nashinda nikipambana na harufu za watu, shemeji. Jioni nataka kumwona anayezifurahia."

Mgeni alipozoea nyama, tukapanda darasa. Mama Vikopo alifungia kitambaa pamoja na karafuu mpaka kikashika harufu. Mbwa akikipata kile kitambaa ndani ya kopo, akae chini mbele yake, ndipo apewe nyama. Wiki hiyo shuka zilimzidi, akaniachia niendelee mwenyewe. "Anza na rahisi, maliza akiwa ameshinda, usimchoshe," akasema. Nikatoboa vikopo vyangu kwa chuma changu cha kazi. Kila nikirudi kutoka kibandani nikawa naficha, Mgeni anatafuta. Hakukosa. Nyuma ya mtungi, dirishani, ndani ya buti. Akipata anakaa, kifua mbele, kama askari wa gwaride.

Nilijivuna. Nilimwambia muuza mkaa. Nilimwambia hata muuguzi. Mchana Mgeni aliendelea kulia, kidogo kuliko zamani, ila alilia. Nikawaza, mwenye nyumba akiziona akili za mbwa huyu atalegeza. Nikamwalika.

Siku ya siku Mama Vikopo alileta vikopo vyake mwenyewe, vimesuguliwa. Alificha yeye, kwa mikono yake, Mgeni akiwa amefungiwa chumbani. Mwenye nyumba alisimama katikati ya ua, kavaa viatu vyeusi vya kutokea. Muuguzi alisimama mlangoni kwake na kikombe cha chai.

Nikamfungulia. "Tafuta," nikasema.

Mgeni akapita kopo la kwanza. Akapita la pili. Kopo lenye karafuu alilinusa, akaliacha kama mtu anayepita duka lililofungwa. Akainua kichwa, pua juu. Akazunguka ua. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, akanusa kiatu cha kulia, akakaa mbele yake. Kifua mbele.

"Anataka nini huyu?" mwenye nyumba akauliza, hasogei.

"Kodi," akasema muuguzi.

Uso ulinichoma. Niliona ghala, nikaona mnyororo. Mama Vikopo akachuchumaa kando ya mbwa.

"Kaka, kiatu hiki kimetengenezwa karibuni?"

"Soli ilibanduka. Mzee ndiye aliyeibandika."

Mama Vikopo akageuka, akanishika mkono, akauvuta hadi puani kwake. Mbele za watu.

"Gundi," akasema. "Shemeji, vikopo ulikuwa unavishika kwa mikono hii?"

Nilikuwa na mingine? Gundi ya viatu haitoki kwa sabuni. Imekaa kwenye vidole vyangu tangu ujana, mimi mwenyewe siisikii.

Mama Vikopo akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilidhani ananicheka mimi, nikataka kuingia ndani.

"Kaa, shemeji," akasema, anafuta macho. "Mbwa hajakosea. Tumekosea sisi. Siku zote hizi hatafuti karafuu. Anakutafuta wewe."

Nikamtazama Mgeni. Bado alikuwa amekaa mbele ya kile kiatu, lakini macho yalikuwa kwangu. Anasubiri.

"Mpe nyama yake," akasema Mama Vikopo. "Amepata."

Nikampa.

Mwenye nyumba akavaa kofia. "Ni vizuri, mzee. Lakini kilio ni kilio. Tarehe ni ile ile." Akaondoka anakanyaga kwa uangalifu, kama kiatu ni cha kuazima.

Mimi nilikata tamaa. Mama Vikopo ndiyo kwanza alikunja mikono ya gauni.

"Ukitoka asubuhi unamwachia nini?"

"Chakula. Maji."

"Unamwachia nyumba isiyo na mtu. Kibandani kwako hakuna vipande vya ngozi unavyotupa?"

"Tele."

"Niletee. Visiguswe na gundi yenyewe, isije ikamdhuru. Viwe vimeshinda mikononi mwako tu, basi."

Kesho yake, kabla sijaenda kazini, tulivitia vipande vya ngozi kwenye vikopo vilivyofungwa, tukavificha nyumba nzima. Kimoja waziwazi, chini ya meza. Kimoja ndani ya boksi la karatasi. Kimoja nyuma ya mlango ule ule uliotafunwa. Kando ya kila kopo kipande cha nyama.

"Sasa nenda," akasema. "Usimuage kama unakwenda vitani. Sema tafuta, funga mlango."

Nilienda. Siku hiyo nilijidunga kidole mara nyingi kuliko mwanafunzi wa ushonaji. Masikio yangu yalikuwa nyumbani. Nilipofika mlangoni jioni sikusikia kitu, nikaogopa kufungua. Mgeni alikuwa amelala kwenye mkeka, kopo liko katikati ya miguu yake. Aliinua kichwa. Akanitazama. Akapiga mkia chini, mara moja, kama mtu anayegonga meza kusema sawa.

Mama Vikopo hakuridhika. Akawa anapita kabla hajaanza kuloweka nguo, anabadilisha mafichio. "Akishakariri, hiyo si kazi tena," akasema. Alikuwa na shuka za watu zinamsubiri, na migongo ya mikono imechubuka kwa sabuni, na bado alipiga magoti kwangu akisukuma vikopo uvunguni. Hakuna aliyemtuma.

Mwisho wa mwezi ukafika. Binti yangu akaja na gari la ghala. Mlinzi alikuwa kiti cha mbele, mnyororo mpya mapajani. Mwenye nyumba naye akaja, akagonga kwa muuguzi ili amwambie mambo yamekwisha.

Muuguzi akatoka amejifunga kitambaa kichwani, macho ya usingizi.

"Dada, mbwa anaondoka leo."

"Mbwa gani?"

"Wa mzee."

"Kwani bado yupo? Mimi nilidhani mlishampeleka zamani." Akalitazama gari, akamtazama mlinzi na mnyororo wake. "Basi na nyinyi msinipigie kelele. Nimetoka zamu." Akafunga mlango.

Mwenye nyumba akakuna shavu. Akachungulia kwangu. Mgeni alikuwa chini ya meza na kopo lake, hana habari naye.

"Mzee, ule mlango utautengeneza?"

"Nitaupiga kiraka cha ngozi."

"Haya. Akae."

Binti yangu akabaki na funguo za gari mkononi. "Baba, si ungeniambia?"

"Ulikuwa umeshapata mahali."

Akacheka. Anacheka kama mama yake, sikuwahi kuliona hilo hadi siku hiyo. Mlinzi akauliza kama mtaani kuna mbwa mwingine. Tukamwelekeza kwa muuza mkaa, kwa utani tu, na akaenda kweli.

Jioni Mama Vikopo akaja. Hakuwa na vikopo. Alikuwa na mfuko wa plastiki umefungwa fundo.

"Ile foronya haikupotea," akasema. "Sijaifua."

Nikamtazama. Dobi huyu hurudia kufua hata leso ya mtoto.

"Ningekupa siku ile, Mgeni angeinusa, angeanza kumtafuta dada. Mbwa simtumi kutafuta asichoweza kukipata. Nikasema ngoja, kwanza apate mtu."

Akaiweka mezani.

"Na wewe vilevile, shemeji. Nilikuona ulivyokuwa unautazama ukuta. Haya, hii si ya mchezo. Usiifiche popote."

Hakungoja shukrani. Alisema mvua inakuja na shuka ziko nje, akaenda.

Nikafungua fundo. Mgeni akaja. Aliinusa foronya muda mrefu, macho nusu wazi. Nikasubiri kilio. Hakulia. Alikuja kwangu, akanusa mkono wa kulia, akanusa wa kushoto, akajilaza juu ya miguu yangu kwa uzito wake wote.

Ndipo na mimi nikaiinua foronya. Pua yangu imeliwa na gundi, haipati mengi. Mara ya kwanza sikupata kitu. Nikanusa tena, taratibu, bila haraka, kama nilivyofundishwa.